Mwongozo kamili: kuendesha semina ya kisayansi kwenye taasisi ya utafiti, kwa sisi wa Mwanza na kanda ya ziwa

Hapa siongelei zile semina za hotelini zenye bango, begi na posho jioni. Naongelea ile ya kawaida kabisa ya ndani ya taasisi, mtafiti mmoja anasimama mbele ya wenzake anaonyesha kazi yake, wenzake wanamuuliza mpaka kieleweke. Mwanza tuna bahati ya watu jamani. NIMR (utafiti wa magonjwa) na MITU (majaribio ya tiba na kinga) wako pale jirani na hospitali ya Bugando, chuo kikuu cha afya CUHAS hapo hapo, TAFIRI wa utafiti wa uvuvi wapo, chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe, ukitoka kidogo kuelekea Misungwi unawakuta TARI Ukiriguru, watu wa utafiti wa kilimo. Watu wa samaki, wa magonjwa, wa pamba na mihogo wote wanafikika kwa daladala, lakini mtu anaweza kufanya kazi hapa miaka asijue jirani yake anapima nini.

Semina ya kila baada ya wiki mbili inaondoa hilo kwa gharama ya chai tu, ila lazima isimamiwe, na kusimamia kwangu mimi ni kitu kimoja: muda wa maswali usiguswe. Hatua zote nazoandika hapa chini ukiziangalia vizuri zipo kwa ajili ya kulinda huo muda.

Hatua ya 1: mratibu na baraka za mkuu wa kituo

Anza na mkurugenzi au mkuu wa kituo. Akikubali na yeye mwenyewe akawa anakaa kwenye viti kusikiliza, nusu ya kazi imeisha, kwa sababu watu huku wanaangalia bosi anathamini nini. Mwombe vitu vitatu tu, chumba kisichogombaniwa siku hiyo, hela ya chai, na ruhusa ya kualika watu wa nje ya taasisi bila kuandika barua kila mara.

Halafu awepo mratibu mmoja na msaidizi wake. Wawili wanatosha, kamati ya watu saba itakaa vikao vya kupanga vikao. Msaidizi awe kijana, mwanafunzi wa uzamili au mtafiti msaidizi, maana ndo anajua nani yuko fildi na nani amerudi.

Na suala la posho liongelewe siku ya kwanza kabisa, waziwazi. Hakuna posho kwa mzungumzaji, hakuna kwa wasikilizaji, kuna chai, vitafunwa na maji. Ukianza kulipa hata elfu tano ya nauli kwa kila mtu, siku mradi ukiisha na semina imekufa. Msamaha ni kwa mgeni anayetoka mbali, mfano mtu wa Ukerewe anayekuja na meli, huyo mrudishie nauli yake bila maneno mengi.

Hatua ya 2: siku na saa

Ijumaa mchana haifai, ndugu zetu wako msikitini. Jumamosi haifai, Wasabato ni wengi sana kanda hii na ni siku yao ya ibada. Jumatatu watu wana vikao vya wiki. Inabaki Jumatano au Alhamisi, na saa nzuri kwa maoni yangu ni saa nne asubuhi, wakati wa chai, maana watu wangeacha kazi saa hiyo hata hivyo. Saa nane mchana baada ya ugali na sangara, usitegemee swali la maana kutoka kwa mtu yeyote.

Kuna jambo la mwezi ambalo watu wa maabara hawalifikirii kabisa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi inapumzika. Maana yake na wakusanya takwimu wa mialoni (pale mitumbwi inaposhusha samaki) nao wanapata nafasi. Ukitaka mada ya dagaa ipate watu wanaoijua kweli, wale wanaoshinda Kirumba mwaloni na visiwani, iweke siku za mbalamwezi. Ukiiweka giza likiwa limekolea utabaki na wataalam wa kompyuta peke yao.

Mvua pia. Masika na vuli, ukumbi wenye paa la bati bila dari hausikiki kitu mvua ikishuka. Kama huo ndo ukumbi mlionao, maiki si anasa.

Hatua ya 3: nani azungumze, na nini

Tengeneza kalenda ya miezi mitatu mbele, isizidi hapo maana ratiba za fildi zinabadilika. Changanya: mtafiti mwandamizi, mwanafunzi anayeenda kutetea tasnifu, mtu wa nje, na mara moja moja fundi sanifu wa maabara. Huyu wa mwisho watu wanamsahau. Mtu aliyehesabu mayai ya kichocho kwenye hadubini kwa miaka anajua makosa ya kipimo kuliko aliyeandika ripoti, mpe dakika 35 zake na mpe heshima sawa na Profesa.

Wageni wawinde. Watafiti wanapita Mwanza kila wakati, wanaenda Seronera, wanaenda Sengerema, wanatoka Dar wanasubiri ndege. Ukisikia kuna mtu anapita mpigie simu mapema, wengi wanakubali wakiombwa kwa adabu. Mwambie wazi ni watu wangapi anategemea kukutana nao na wanajua nini, asije akaandaa mhadhara wa mwaka wa kwanza.

Kama wiki fulani hakuna mzungumzaji usifute kikao, fanyeni kikao cha kusoma makala. Mfano ninaoupenda ni majaribio ya Mwanza yaliyochapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1995. Jamii 12 za mkoani humu zilipangwa kwa jozi 6, upande mmoja vituo vya afya vikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban asilimia 40. Afu mwaka 1999 yakatoka matokeo ya Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili, huko walitibu watu kwa wingi nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 hivi, wenye dalili na wasio na dalili, na maambukizi ya VVU hayakupungua. Gawa chumba nusu kwa nusu, hawa wasome ya Mwanza, wale wasome ya Rakai, waeleze kwa nini majibu yametofautiana. Je, ni kwa sababu janga lilikuwa kwenye hatua tofauti, au kutibu anayekuja na dalili siku ile ile kuna faida kuliko kutibu kila mtu kwa ratiba? Mtatoka hapo mmechelewa chakula cha mchana, na kijana aliyekaa mle ndani amejifunza kuhusu usanifu wa jaribio kuliko kwenye nusu muhula.

Mada ya historia ya ziwa nayo huwa inajaza chumba. Timu ya Wadachi kutoka Chuo Kikuu cha Leiden ilianza kuchunguza furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, kwenye Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, wakawa wanapima wakati sangara anaongezeka na furu wanaporomoka, ndo maana ghuba yetu ina takwimu za kabla na baada ambazo sehemu nyingi za ziwa hazina. Vijana wengi wa uvuvi hapa hawajawahi kuonyeshwa takwimu hizo zikiwa kwenye grafu moja.

Hatua ya 4: kumwandaa mzungumzaji

Wiki mbili kabla omba kichwa cha mada na ikisiri ya maneno kama 150. Kichwa kiwe kinasema swali. "Utafiti wa kichocho Ukerewe" hakimvuti mtu, "Kwa nini watoto wanaambukizwa kichocho tena baada ya kumeza praziquantel?" hata daktari wa meno atakuja.

Wiki moja kabla kaeni naye nusu saa mpitie slaidi. Kanuni zangu ni chache. Dakika 35 za kuongea, slaidi zisizidi 20. Maandishi yasomeke kutoka kiti cha nyuma kabisa, nenda ukakae huko mwenyewe uangalie. Kila grafu mhimili wake uwe na jina na kipimo. Jedwali lililonakiliwa kutoka kwenye ripoti lenye safu kumi na mbili litolewe, hakuna atakayelisoma. Na ile slaidi ya "yaliyomo" itolewe, inakula dakika mbili bila faida.

Lugha, hapa najua wengine hatutakubaliana. Slaidi zikae kwa Kiingereza kama ndo zitaenda kwenye mkutano, lakini aongee Kiswahili kama chumba kizima ni Waswahili. Nimeona mara nyingi mtu anayejikongoja kwa Kiingereza dakika thelathini, akiulizwa kwa Kiswahili anafunguka na ndipo unagundua kazi yake ni nzito. Akiwepo mgeni asiyejua Kiswahili mkalishe mtu pembeni yake amnong'oneze, au geuzeni lugha siku hiyo.

Sasa nionyeshe ninachomaanisha kuhusu kukagua slaidi mapema. Tuseme kijana analeta grafu ya mavuno ya dagaa, kilo kwa mtumbwi kwa usiku, mwezi mzima, na chini ameandika makadirio ya mwezi. Mstari mzuri, rangi nzuri. Muulize, siku za mbalamwezi umezihesabuje? Kama mtumbwi unapata kilo 100 kwa usiku na umevua usiku 20, ukapumzika 10, mavuno ya mwezi ni kilo 2,000. Yeye akichukua ile 100 akazidisha kwa 30 anapata 3,000, ameongeza kilo 1,000 ambazo hazijawahi kutoka majini, nusu nzima ya kilichovuliwa. Zidisha hilo kwa mitumbwi yote ya mwalo, kisha ya wilaya, kisha ripoti iende wizarani. Swali moja tu, na mvuvi yeyote wa Kirumba angeliuliza kabla hajamaliza kikombe cha chai.

Mfano mwingine, wa afya. Kipimo cha Kato-Katz, cha kutafuta mayai ya minyoo kwenye choo, kinatumia kama miligramu 41.7 za choo, ndo maana idadi ya mayai kwenye slaidi ya hadubini inazidishwa kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Kwa kichocho cha tumbo, chini ya 100 ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya kati, 400 na kuendelea ni makali. Chukua watoto kumi, tisa wana 24 kila mmoja, wa kumi ana 2,400. Wastani unakuja karibu 262, yaani "ya kati", wakati hakuna mtoto hata mmoja pale mwenye maambukizi ya kati! Mzungumzaji akileta wastani mtupu mwombe aonyeshe mgawanyo wa watoto wote, hata kama ni kwa nukta tu kwenye karatasi. Na muulize alipima choo cha siku ngapi, kwa sababu mayai yanapanda na kushuka kila siku, slaidi moja isiyo na yai haimaanishi mtoto hana minyoo.

Haya myaone mezani wiki moja kabla, mabaya yarekebishwe kwa utulivu, ili siku yenyewe maswali yaende kwenye mambo mazito zaidi.

Hatua ya 5: chumba, umeme, mtandao

Fika saa moja kabla. Laptopu ya mzungumzaji ijaribiwe na projekta hiyo hiyo, siyo ya ofisi nyingine. Kuwa na adapta za aina zote, ekstensheni ndefu, betri za rimoti, na nakala ya slaidi kwenye flashi kwa pdf, maana herufi huwa zinahama kwenye kompyuta nyingine na alama za kisayansi zinageuka viboksi.

Umeme unaweza kukatika, panga kwamba utakatika. Laptopu iwe imejaa chaji, na chapisha slaidi tano muhimu kwenye karatasi nakala chache za kugawana. Ubao mweupe na maka pen zinazoandika (jaribu kila moja, tupa zilizokauka) vimeokoa semina nyingi kuliko jenereta. Ukikatika msisubiri, mwambie achore grafu yake ubaoni. Akishindwa kuichora hapo kuna jambo la kuzungumza.

Viti vipangwe nusu duara ikiwezekana, na ile meza kuu yenye kitambaa na maua itoke. Meza kuu inafanya watu wanyamaze.

Hatua ya 6: mwenyekiti na dakika 60

Mwenyekiti si lazima awe mkubwa, awe na saa na uso mkavu. Saa 4:00 kamili anafungua, hata kama wako watu sita. Mkisubiri watu wajae, wiki ijayo wote watakuja saa 4:30, hiyo ni hakika.

Utambulisho dakika mbili: jina, anafanya nini, swali la leo. Hakuna mgeni rasmi, hakuna itifaki ndefu, hakuna kumtambua kila mkuu wa idara kwa jina. Ikija siku mkuu anataka kusema neno, aseme mwishoni, na mwambieni mapema kwa heshima kwamba ni dakika tatu.

Dakika 35 za mada, mwenyekiti anaonyesha karatasi ikibaki 10, 5 na 1. Ikifika 0 anasimama, anasimama kweli kwa miguu yake. Mwanasayansi Michael Faraday, aliyeanzisha mihadhara ya Ijumaa jioni pale Royal Institution London mwaka 1825, alishasema saa moja inamtosha mtu yeyote na asiruhusiwe kuzidisha. Dakika 23 zinazobaki ni za maswali, na mzungumzaji akizidisha, anazila za wenzake.

Hatua ya 7: maswali

Hapa ndo penye kazi. Sisi tumelelewa kutomkosoa mkubwa hadharani, na ni malezi mazuri, lakini matokeo yake Profesa anamaliza, kimya, kisha mtu anasema "nampongeza sana mtoa mada kwa wasilisho zuri", wa pili anapongeza, wa tatu anatoa hotuba yake mwenyewe ya dakika sita, muda umeisha. Data imetoka mle ndani ikiwa na tobo lile lile iliyoingia nalo.

Dawa niliyoona inafanya kazi ni kanuni zinazotangazwa na kubandikwa ukutani. Maswali matatu ya kwanza ni ya wanafunzi, wasaidizi wa utafiti na mafundi sanifu, wakubwa wasubiri. Mwenyekiti anahesabu kimya kimya mpaka kumi kabla ya kukata tamaa, kimya kinatisha ila kinazaa swali. Anayetaka kupongeza apongeze wakati wa chai. Swali lisizidi nusu dakika, na mtu akianza na "mimi nina mchango kidogo", mwenyekiti amwombe augeuze uwe swali.

Kwa waoga gawa vikaratasi mlangoni, waandike swali, mwenyekiti asome bila jina. Utashangaa, maswali makali kabisa yanatoka kwenye vikaratasi.

Na kijana asiyejua aulize nini mpe haya, yanafaa mada yoyote. Hizi namba zimetoka wapi na nani hakupimwa? Kipimo chako kinakosea kwa kiasi gani? Ni kitu gani kingine kingeweza kuleta matokeo haya haya? Ungepata matokeo gani ambayo yangekufanya useme nilikosea kudhani? Kwa mtu wa Ukiriguru anayeleta mbegu ya mihogo inayostahimili batobato na michirizi ya kahawia, swali la tatu ni zito: shamba lako lilikuwa na nzi weupe wa kutosha kweli, au mihogo haikuugua kwa sababu hakukuwa na wa kuusambaza ugonjwa?

Adabu ibaki. Tunauliza kazi, hatumuulizi mtu. "Dokta, naomba turudi slaidi ya nane, sijaelewa sampuli" ni swali kamili na halimvunjii mtu heshima. Mwenyekiti akisikia "wewe huwa una tatizo la..." amkate hapo hapo, awe nani awe nani. Na mzungumzaji akisema "sijui, nitaangalia", mwenyekiti aseme asante na aendelee. Jibu hilo liandikwe kama kazi ya kufuatilia.

Hatua ya 8: walioko mbali, kurekodi na siri

Weka kiungo cha Zoom kwa wenzetu wa Kisumu, Jinja na Dar, saa zetu ni moja hivyo hakuna hesabu ya kugeuza. Tumia laini ya simu kama akiba ya mtandao wa ofisi, na bando linunuliwe na taasisi, siyo mfuko wa msaidizi. Mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia wa mtandaoni tu, na swali la pili au la tatu litoke kwao, la sivyo wanazima na kwenda zao.

Kurekodi ni hiari ya mzungumzaji, muulize kabla na usimlazimishe. Matokeo ambayo hayajachapishwa yasipigwe picha, mwenyekiti aseme mwanzoni kila mara hata kama watu wamechoka kusikia. Picha za wagonjwa, majina, ramani inayoonyesha nyumba ya mshiriki, hivyo havionyeshwi kabisa, hata mkiwa watu wanane mnaojuana. Kijiji kidogo cha kisiwani ukitaja umri, jinsia na ugonjwa umeshamtaja mtu.

Hatua ya 9: baada ya watu kutoka

Siku hiyo hiyo, usingoje kesho, msaidizi aandike ukurasa mmoja: maswali yaliyoulizwa, yaliyojibiwa, yasiyojibiwa, na nani aliahidi kumtumia nani nini. Utumwe kwa mzungumzaji kwanza, kisha kwenye kundi la WhatsApp la semina. Baada ya mwezi mratibu amuulize mzungumzaji yale yasiyojibiwa yamefikia wapi. Kwa mwanafunzi ukurasa huo ni dhahabu, maswali ya watahini wa tasnifu mengi atakuwa ameshayaona.

Mada iliyohusu watu wa mwaloni au kijiji irudi kwao. Slaidi zile zile hazifai, chagua matokeo mawili, chora kwenye karatasi kubwa, ongea na uongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni) wakupe nafasi kwenye kikao chao cha kawaida, asubuhi baada ya dagaa kuanikwa ndo watu wanapatikana. Nenda na yule mkusanya takwimu wanayemfahamu, aongee yeye zaidi. Na peleka daftari, maana watauliza kuhusu taa za sola, upepo, bei, na mahali dagaa wamehamia, na sehemu ya maswali hayo irudi kwenye kalenda ya miezi mitatu inayofuata ikiwa mada yenyewe, na jina la mwalo ulikotoka liandikwe pembeni.